Salamu za Muthara Nilimwachia Karani

Nimpe nini, nibaki na nini? Swali hilo dogo lilininyima usingizi wiki tatu mfululizo. Leo ningetoa chochote nirudi kwenye wiki zile, nilipokuwa bado na kaka...

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Manyatta, karibu na mji wa Embu. Nilimaliza chuo kikuu nikiamini kazi ya serikali inaningoja. Wapi! Niliandika barua za maombi mpaka nikakosa hata pesa za stempu. Miaka miwili ikapita nikichuma kahawa ya mama, majirani wakiniuliza kwa upole wenye sumu, "Msomi, bado uko nyumbani?"

Kaka yangu Nyaga ndiye aliyenitoa kwenye aibu hiyo. Yeye aliishia darasa la saba, lakini alikuwa amechuma miraa miaka mingi Muthara, kule Tigania, na alijua mti mzuri kwa kuutazama tu. Tukaungana. Yeye achume na kufunga, mimi nitafute wateja Embu na Nairobi. Biashara ikashika.

Ikashika hata ikanishinda! Wateja walitaka kunipigia simu, nami sikuwa na simu wala ofisi. Ndipo nikaelekezwa kwa Wanjira. Alikuwa karani mwenye chumba kidogo karibu na posta ya Embu, simu moja na taipureta moja, akiwafanyia kazi wafanyabiashara kadhaa wasio na ofisi. Unampigia kutoka popote ulipo. Anapokea oda, anaandika barua, anafikisha ujumbe. Wiki nzima ingeweza kupita bila kumwona. Nilijua sauti yake tu: "Hiyo nimemaliza, bosi. Ingine?"

Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto kazi zangu, kulia kazi za Wanjira. Kupokea oda, kulia. Halafu nikairudisha kushoto... je, akikosea idadi ya magunia? Barua, kulia. Lakini sahihi yangu je? Nilifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka. Nyaga alicheka hadi akajishika mbavu.

"Profesa, hiyo karatasi imekukosea nini?"

Kazi moja tu sikuiwazia hata dakika. Kwenda kwa Mzee M'Ikiara.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa na miti tuliyochuma. Kule kwao mtu hachumi miraa kwa maneno ya mbali. Siku ya kuchuma, mnunuzi anafika mwenyewe nyumbani kwa mwenye miti, anaketi, anakunywa chai, anasema leo nahitaji miti ile na ile. Kisha mzee mwenyewe anatembea hadi shambani na kusimama chini ya mti mchumaji akipanda. Majirani wakimwona pale, wanajua mambo ni sawa. Wasipomwona... aliye juu ya mti ni mwizi. Na mwizi wa miraa kule hapelekwi popote.

Haya yote Nyaga aliniambia mara ya kwanza kabisa. Nilijua!

Lakini kila Alhamisi nilipofika, mzee alinifanya mchezo mbele ya wazee wenzake. "Haya, mwalimu wa majani amefika! Kijana, hiyo digrii yako inaweza kupanda mti?" Wote waliangua kicheko. Mimi nilikaa na kikombe mkononi, masikio yakiwaka moto, nikitafuta jibu ambalo lingenijia kesho yake njiani. Nilichukia zile safari kuliko kitu chochote.

Basi nikaandika upande wa kulia, kwa mwandiko mzuri: "Salamu za Muthara." Kulikuwa na duka moja pale sokoni lenye simu. Wanjira angepiga, mwenye duka angemtuma mtu kwa mzee, mzee angejua siku yetu. Nilijisifu kwamba hiyo ndiyo biashara ya kisasa.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa kuwa siku ilikuwa ileile ya Alhamisi na mzee alikuwa akimngoja Nyaga kwa mazoea. Nami nikadhani simu ndiyo iliyofanya kazi. Mjinga mimi!

Kisha mteja wa Nairobi akataka mzigo wa ziada, Jumanne. Nilimpigia Wanjira Jumatatu mchana nikiwa Nairobi: mwambie mzee tunakuja Jumanne, miti ya kando ya mto. Baada ya saa moja nilimpigia tena, na tena. Mara ya tatu akasema, "Bosi, nimeongea na mzee mwenyewe. Amekubali."

Nyaga aliponipigia dukani kwa mteja, akiwa njiani kwenda Muthara, aliniuliza swali moja. "Umeonana na mzee?"

Nikamwambia, "Mzee anajua."

Yaliyofuata niliambiwa na Mutwiri, mchumaji aliyekuwa naye asubuhi ile. Walikuwa watatu mitini; Nyaga alikuwa amewaambia mzee anajua, yuko njiani. Mwanamke aliyekuwa akiteka maji mtoni aliona watu juu, na chini hakuna mwenye shamba. Akapiga ukemi. Kabla mwangwi haujaisha, wanaume walikuwa wanatoka kila upande na mapanga na marungu!

Mutwiri na mwenzake waliruka wakakimbia. Nyaga hakukimbia. Akimbie kwa nini? Aliteremka polepole, mikono juu, akisema, "Mimi ni mtu wa Mzee M'Ikiara! Mwulizeni!"

Na kweli walimwuliza. Mtu alikimbia hadi nyumbani kwa mzee: umetuma watu kuchuma leo? Mzee akasema hapana.

Alisema ukweli. Hakuna aliyemwambia, wala aliyemtajia jina la Nyaga.

Rungu la kwanza lilimpiga kaka mdomoni, asiweze tena kujieleza. La pili, goti. Walimpiga hadi akaacha kukinga kichwa. Kisha wakakusanya majani makavu ya migomba, wakamfunga mwili mzima kwa kamba, jinsi yeye alivyofunga miraa maisha yake yote... wakawasha moto.

Mutwiri alikuwa amejificha kwenye mahindi. Alisikia. Hakuniambia alichosikia, nami sikumwuliza.

Mzee M'Ikiara alifika akihema, akaona kiatu, akakitambua. Aliingia kwenye moto kwa mikono yake mitupu! Walipomtoa Nyaga, alikuwa bado anapumua. Alipumua siku mbili hospitalini. Mzee alikaa nje ukutani, mikono imefungwa bendeji, akirudia neno moja kwa kila aliyepita: "Angekuja mwenyewe. Si angekuja tu mwenyewe?"

Nilikwenda kwa Wanjira kama mnyama. Niliinua taipureta nikaipasua sakafuni. Nikamkaba koo, nikambana ukutani, nikimwuliza mzee alikubali lini, lini! Macho yalimtoka. Nilipolegeza vidole akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Laini ya duka la Muthara ilikuwa imekufa tangu Jumatatu asubuhi. Ulipiga mara tatu, bosi. Kila mara ulitaka nikuambie ndiyo. Nikakuambia ndiyo."

Nikamwachia. Alinidanganya, na simsamehe. Lakini ni nani aliyetaka kudanganywa?

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana mnaoanza biashara: mpeni msaidizi barua, mpeni oda, mpeni simu zilie mezani kwake mchana kutwa. Lakini kabla ya kumpa kazi, jiulizeni: ninampa kwa sababu anaiweza, au kwa sababu mimi ninaiogopa? Ile unayoiogopa, ibebe mwenyewe. Nawasihi. Mimi nililinda sahihi yangu kwenye barua, nikaachia maisha ya kaka yangu.

Nyaga alipokata roho, karani wa hospitali alikuwa mtu mwema. Alisema, "Nyumbani ni wapi? Manyatta? Tutapiga simu kwa chifu, atamtuma mtu amwambie mama. Wewe pumzika."

Nawaambieni kweli, nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikasema, "Hapana. Nitamwambia mimi."

Nilimkuta mama uani, akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu. "Umekuja peke yako? Nyaga yuko wapi?"

Nilipiga magoti nikamwambia yote, hata lile la daftari, hata lile la kuogopa kuchekwa. Ungo ukaanguka. Alinipiga kwa mikono miwili, usoni, kichwani, kifuani, akiita jina la kaka, mpaka nguvu zikamwisha.

Sikukinga uso.