Duka Lisilo na Chapa

Nyanjige alikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, akigeuza matobolwa. Viazi vitamu vikishachemshwa na kukatwa, vinataka jua kama mtoto anavyotaka ziwa. Ukisahau kuvigeuza, vinaota ukungu. Ukizubaa, mbuzi anavimaliza. Kwa hiyo Nyanjige aligeuza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulishika fimbo.

Hapa Bariadi matobolwa ni chakula cha kila nyumba. Lakini Wasukuma walioko Dar es Salaam na Dodoma hawana jabali la kuanikia. Ndiyo maana Nyanjige na mumewe, mzee Jilala, walifungua duka la mtandaoni. Mteja anafungua duka kwenye simu yake. Anachagua matobolwa, michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vibichi, au mchele. Analipa, na mzigo unapanda basi. Duka lilijengwa na Marcelo, mtoto wa mdogo wake Jilala, anayeishi Mwanza. Lilifanya kazi vizuri. Nyanjige alikuwa tayari ameezeka ghala kwa bati.

Simu ililia.

"Mama, mzigo wangu uko wapi?" Alikuwa Apolonia, mteja wake wa Dar.

"Mzigo gani, mwanangu? Sijaona malipo yako."

"Hujaona? Si mmenitumia meseji wenyewe! 'Apolonia, matobolwa yako yako tayari, lipa kwenye namba hii mpya.' Jina langu mmelitaja. Mzigo wangu mmeutaja. Mpaka stendi ninayopokelea mmeitaja. Nikalipa."

Nyanjige aliketi juu ya jabali. "Mimi sijatuma meseji yoyote."

"Basi nani katuma? Mbuzi?"

Apolonia aliendelea, na sasa sauti ilimtetemeka. "Mama yangu yuko kwangu anatibiwa. Hataki chakula chochote. Alisema akipata matobolwa ya nyumbani atakula. Nimemwahidi. Leo nimwambie nini? Kwamba watu wa nyumbani wamemwibia?"

Simu ilikatwa. Mbuzi alikuwa amefika kwenye matobolwa, anatafuna kwa raha. Nyanjige hakumwona.

Kabla ya mchana wateja wengine watatu walipiga. Hadithi yao ilikuwa moja. Meseji, namba mpya, malipo yamepotea. Mmoja alisema atawaambia Wasukuma wote wa Dar kwenye kikao chao cha Jumapili. Hapo ndipo Nyanjige alipoogopa. Jina likishachafuka kwenye kikao, hata uuze asali hawanunui.

Jilala alirudi kutoka shambani. Alipoambiwa, alitupa jembe chini.

"Wezi! Hilo ndilo soko huria! Tangu walifungue, sisi ndio tunaoliwa!"

Mzee huyu alikuwa na kumbukumbu ndefu, na kumbukumbu zake zote zilikuwa na hasira. Na haki alikuwa nayo. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika. Ushirika nao ulikuwa na madhambi yake. Malipo yalichelewa mpaka watoto wakafukuzwa shule. Kisha ikasemwa, soko sasa ni huria. Magari ya wanunuzi yakaja vumbi likitimka, na kila mnunuzi alikuja na mizani yake mwenyewe. Mkulima alisimama pembeni, mikono mfukoni, akisomewa uzito wa pamba yake na yule yule anayeinunua. Huria kwa nani? Hakuna aliyemwambia mkulima: na wewe njoo na mizani yako. Sasa soko limeingia ndani ya simu. Wakulima wameambiwa tena, ingieni. Na wameingia vile vile, mikono mfukoni.

"Umemaliza?" Nyanjige aliuliza.

"Sijamaliza."

"Ukimaliza, utanikuta kwa Zamda."

Zamda alikuwa jirani yao, mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Alisomea mambo ya kompyuta, na duka lake mwenyewe liliuza mpaka Musoma kwa mtandao. Alikuwa na ulimi mkali. Alifunga duka akaja.

"Tuanze na hili," alisema akikaa kwenye kigoda. "Neno la siri la duka lenu, nani analijua?"

"Sote," Jilala alijibu kwa majivuno.

"Sote ni kina nani, mzee?"

"Ukoo! Marcelo aliliweka kwenye kundi la wasapu la ukoo, ili yeyote aliye karibu apokee oda."

Zamda alishika kichwa. "Mzee wangu, hilo si neno la siri. Hilo ni tangazo la mnada."

"Sikiliza, binti. Katika mji wa Msukuma, mtu wa kufichaficha mambo tunamwogopa. Huwa ni mchawi. Sisi mambo yetu ni peupe."

"Ng'ombe wako wanalala wapi?"

"Zizini."

"Zizi lako lina mlango?"

"Lina miiba! Unataka fisi waingie?"

"Kwa hiyo unawafichaficha ng'ombe. Na wewe ni mchawi?"

Nyanjige alicheka, ingawa hakutaka. Jilala alinuna.

Zamda aliomba simu, akapitia kundi la ukoo. "Huyu mwenye picha ya tai ni nani?"

"Mtoto wa ndugu yetu Kija," alisema Nyanjige.

Wakampigia Kija. Kija akasema, "Nilidhani ni mkwe wenu!"

Walipiga huku na kule. Hakuna aliyemjua mwenye picha ya tai. Alikuwa kwenye kundi tangu msiba wa mwaka jana. Alitoa pole kwa kila msiba na hongera kwa kila harusi. Na neno la siri alilisoma, kama wengine wote.

"Sasa mnaelewa," alisema Zamda. "Hakuvunja mlango. Mlimkaribisha kiti. Aliingia dukani, akaona majina ya wateja, simu zao na mizigo yao. Kisha akawaandikia kana kwamba ni ninyi. Haya, tubadilishe neno la siri sasa hivi."

Hawakuweza. Duka lilisema, namba za uthibitisho zimetumwa kwenye simu ya mwenye duka. Lakini simu ya Nyanjige haikulia. Ya Jilala haikulia. Wakampigia Marcelo.

"Mama mkubwa, zimekwenda kwenye laini yangu ya zamani," alisema Marcelo. "Ile niliiacha."

"Kwa nini ziende kwako? Duka si langu?"

"Ni lako, mama mkubwa. Ila niliandikisha kwa jina langu, ili iwe haraka. Anwani ya duka iko kwa jina langu. Na malipo pia yanapita kwangu kwanza."

Jilala aliipokonya simu. "Marcelo! Duka letu liko kwa jina lako?"

"Baba mkubwa, mimi si mwizi!"

"Sijasema mwizi! Nimeuliza jina!"

Zamda alimtuliza. "Mzee, ng'ombe wako wote wako hapa?"

"Hapana. Wengine wako kwa rafiki yangu kule Mwandoya. Ukame ukija huku, wale watapona."

Ndivyo wafugaji wa huku wanavyofanya tangu mababu. Ng'ombe huwekeshwa kwa ndugu au rafiki. Anayewatunza hunywa maziwa na kutumia samadi. Lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe.

"Utajuaje kwamba ni wako?" aliuliza Zamda.

"Wana chapa yangu. Na siku ya kuwakabidhi kulikuwa na mashahidi."

"Na duka hili, ulipomkabidhi Marcelo, chapa ulipiga wapi? Shahidi alikuwa nani?"

Jilala alikuwa amewatukana wanunuzi wa pamba tangu arudi shambani. Sasa aliinama, akaliokota jembe alilolitupa.

"Kumbe mizani tumempa mtu tena," alisema. "Na safari hii tumempa wenyewe."

"Marcelo," alisema Zamda kwenye simu, "panda basi uje na kitambulisho. Laini ile irudishwe, na kila kitu kihamie kwa jina la mama."

Siku ile duka lilifungwa. Nyanjige alimpigia kila mteja kwa sauti yake mwenyewe. Aliwaambia ukweli: tumeingiliwa, msilipe kwenye namba yoyote mpya. Waliripoti polisi na kwa kampuni ya simu ili namba ya tapeli ifungwe. Kisha Nyanjige akaanza kupakia matobolwa ya Apolonia.

"Unatuma bure?" Jilala alimaka. "Malipo kayala mwizi!"

"Mwizi kapita mlango gani, baba Elina?"

Jilala alinung'unika mpaka stendi, lakini gunia alilibeba yeye.

Marcelo alipofika, alitaka kuanza kurekebisha papo hapo. Zamda alimkataza. "Huo ndio ugonjwa wako, haraka. Kaa chini. Mama Elina, ukijenga kihenge cha mahindi, unaanza na nini?"

"Nauliza panya ataingilia wapi."

"Basi tuulize hivyo kabla hatujagusa kitu."

Alichukua kijiti, akachora duka kwenye vumbi kama mtu anayechora mji: hapa mlango, hapa ghala, hapa anapopita mteja. Walibishana hapo mpaka jua likawafuata kivulini.

"Panya ataingilia kwenye neno la siri," alisema Nyanjige.

"Ndiyo. Kwa hiyo kila mfanyakazi awe na lake. Refu, si jina la ng'ombe wala la mjukuu. Mzee ataona oda tu, apakie. Wewe mwenye duka utaona yote. Marcelo ataingia siku ya matengenezo, akimaliza mlango wake unafungwa. Na kila ukiingia, namba za uthibitisho zije kwenye simu yako. Namba hizo usimpe mtu."

"Na mimi?" aliuliza Jilala. "Mumewe?"

"Hata wewe."

"Hata mimi!"

"Hata mimi Zamda nikiziomba, mninyime. Mkishaanza kuchagua wa kumpa, tapeli atajifanya huyo."

Marcelo aliuliza kuhusu malipo. Zamda alisema duka liwe na lipa namba yenye jina la biashara, ili mteja aone jina hilo kabla ya kulipa. Iandikwe dukani na kwenye kila mfuko. Wateja waambiwe haibadilishwi kwa meseji. Anayelipa kwa kadi, kadi yake ishughulikiwe na kampuni yenye leseni ya malipo. "Namba za kadi ya mtu msiziandike popote. Usichokuwa nacho hakiibiwi."

"Na majina ya wateja wa zamani?" aliuliza Nyanjige. "Yako dukani tangu tuanze."

"Ya kazi gani? Mzigo ukifika na muda wa malalamiko ukipita, mambo ya oda hiyo yafuteni. Mkibaki na taarifa wanazodai watu wa kodi, zifungieni mbali na duka. Na kila wiki wekeni nakala ya duka mahali pengine, kama ng'ombe wa Mwandoya."

Jilala aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa bila kuelezwa.

"Lakini duka letu lina alama ya kufuli pale juu," Marcelo alijitetea. "Lilikuwa salama."

"Kufuli hilo linasema njia imefunikwa, mtu asichungulie mteja akiandika. Halisemi nani yuko ndani. Na programu za duka uzisasishe kila zinapotoka. Nyasi za paa zikioza, unangoja mvua?"

Marcelo aliinamisha kichwa, akafanya kazi. Alihamisha anwani ya duka na malipo, vyote kwa jina la Nyanjige. Jilala aliwaita Kija na majirani wawili washuhudie. Marcelo aliona aibu, lakini Jilala alishikilia. "Ng'ombe hawakabidhiwi bila mashahidi."

Duka likafunguliwa tena. Apolonia alipiga simu. Safari hii hakupiga kelele. "Mama amekula," alisema. "Na karanga. Ameuliza kwa nini hukuleta michembe." Jumapili alisimama kwenye kikao cha Dar, akaeleza jinsi watu wa Bariadi walivyosema ukweli na kutuma mzigo. Oda zilirudi, kisha zikaongezeka.

Msimu wa pamba ulipokwisha, Jilala alikwenda Lamadi kununua dagaa. Mchana, simu ya Nyanjige ilileta namba za uthibitisho ambazo hakuziomba. Mara ikaja meseji kutoka kwa namba ya Jilala:

"Nitumie haraka hizo namba zilizoingia kwako. Niko na mteja mkubwa, nataka kumfungulia duka. Ni mimi mumeo."

Nyanjige aliisoma mara mbili. Namba ilikuwa ya Jilala kweli. Aliona tayari uso wa mzee umevimba kwa hasira. Aliandika: "Siwezi. Ukirudi tutagombana."

Meseji nyingine ikaja, ya ukali. Nyingine, ya matusi. Nyanjige alilia kidogo. Kisha alifunga njia ya Jilala dukani, kama walivyokubaliana simu ikileta wasiwasi, akaendelea kugeuza matobolwa.

Jioni Jilala aliingia na gunia la dagaa.

"Mwadila," alisalimu.

"Mwadila. Kama ni ugomvi tuanze sasa, kabla ugali haujapoa."

"Ugomvi gani? Niache nipumzike! Nimeibiwa simu sokoni tangu asubuhi, nimezunguka Lamadi nzima kama kichaa."

Nyanjige alimpa simu yake. Jilala alisogea kwenye taa, akasoma meseji moja moja, polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jibu la mkewe, alisimama.

"Ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani ni wewe."

"Na bado ukaninyima?"

"Nikakunyima."

Jilala aliketi. Alinawa mikono, akamega tonge, akalishika bila kulila.

"Nilisimama pembeni miaka mingi," alisema, "nikisomewa uzito wa pamba yangu. Sasa mizani iko mkononi mwako. Usimpe mtu, mama Elina."

Akalichovya tonge kwenye mchuzi.

"Hata mimi."