Kijani Hanang

"Zima mashine, Margwe!"

"Toka mbele, Tekla! Hii ni kombaini, siyo punda!"

"Zima, au unikate mimi kwanza!"

Nikazima. Ngano yote ya shamba la serikali pale Getanuwas ilikuwa imekauka. Ila pale aliposimama mchumba wangu, duara zima bado bichi. Kijani Hanang, ndivyo tulivyoiita rangi ile, kama msitu wa mlima Hanang mvua ikikatika. Na mvua yenyewe tulishaisahau.

"Unajua umefika wapi?"

"Kazini."

"Umefika kwa babu. Tulimzika hapa, tukamjengea kilima cha udongo. Dereva aliyekutangulia akadhani kichuguu, akalima."

Bosi Sebastiani akashuka kwenye Landrova.

"Margwe! Unatongoza kwa dizeli ya serikali? Pitisha mashine!"

"Bosi, hapa kuna kaburi."

"Kaburi lina msalaba. Mimi naona ngano."

"Hata ng'ombe wa baba hawana msalaba," Tekla akamjibu, "ila wakiibwa tunajua ni wa nani."

Akanigeukia, sauti chini.

"Baba yuko pale kwenye mgunga, anakutazama. Ukipita hapa, hunioi. Hata salamu usilete."

"Na usipopita," bosi akadakia, "leta ufunguo, urudi Endagikot ukapalilie maharage ya mama yako!"

Mtu akakohoa.

Kikohozi cha mzee, kizito, cha tumbaku. Kimetoka ndani ya ile ngano mbichi.

"Ni wewe, bosi?"

"Mimi? Si wewe?"

"Mimi hata mafua sina."

Kikaja tena. Ngano ikalala chini, na upepo hakuna. Bosi akarudi kinyumenyume mpaka kwenye gari, akapandisha na kioo.

"Ufunguo, Margwe!" akapiga kelele humo ndani. "Kazi huna!"

Nikautupa. Sijui hata uliangukia wapi.

Tekla akanishika, tukatembea mpaka kwenye mgunga. Nyuma sikugeuka. Nani ageuke?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee Gidamis hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, machozi yanamlenga. Akang'oa majani, akayanyoosha kwa mikono miwili kuelekea kaburini, kama wazee wao wanavyoomba.

"Baba," akauliza, "huyu anaoa kweli, au anatuchezea?"

Akasikiliza. Tekla akanibana vidole mpaka vikauma.

Kisha mzee akanipa mkono.

"Kaa chini, mwanangu. Mshenga wako, huyo nyuma yako, anasema hujui hata kukamua ng'ombe. Tutakufundisha."