Jicho la Nakhungu na Punje ya Mahindi

Kila Desemba, Nakhungu na mama mkwe wake, Nekesa, hupura mahindi nyuma ya nyumba yao Kamukuywa. Huyajaza kwenye gunia, kisha hulipiga gunia kwa fimbo mpaka punje zitoke. Punje chache huruka.

Jumanne moja, Wakoli, ndugu wa mume wa Nakhungu, alikuja akidai kwamba mahindi hayo yalitoka upande wake wa shamba. Nakhungu alikataa. Wakoli aliokota fimbo ya kupuria akampiga usoni.

Nekesa aliosha jicho kwa maziwa. Alisema wazee wa ukoo wakae kwanza, mambo ya nyumbani yasifike polisi. Kwenye zahanati alijibu yeye kabla Nakhungu hajafungua mdomo: ni punje ya mahindi. Muuguzi akaandika hivyo, akawaambia waende hospitali ya Kitale siku hiyo hiyo. Hawakwenda.

Wazee walikaa siku ya nne. Wakoli aliomba msamaha, akanywa chai, akaenda zake.

Siku ya tano jicho la kulia halikuona hata mwanga wa taa. Ndipo wakaenda Kitale. Kipyegon, mtaalamu wa macho, aliuliza ni nini kilichomgonga.

"Punje," Nekesa akasema.

"Mama, si nimeuliza yeye? Ama jicho ni lako?"

Nakhungu aliinua uso kuelekea mwanga. Kipyegon akamchunguza bila haraka.

"Punje ni ndogo. Hukwaruza kioo cha jicho, lakini haivunji mfupa. Hapa kuna alama ndefu kutoka kwenye nyusi hadi shavuni. Mfupa wa chini ya jicho umevunjika, na ndani kumejaa damu. Kilichopiga hapa ni kitu kirefu na kigumu. Ni mkono wa nani, jeraha haliwezi kuniambia."

"Ni Wakoli," Nakhungu akasema. "Na fimbo ya mahindi."

Kipyegon aliandika. Alieleza kwamba jeraha ni ushahidi unaofifia kila siku: uvimbe hushuka, rangi hubadilika. Mgonjwa huenda hospitali mara moja, huripoti polisi, na hupewa huko P3, fomu ya majeraha ambayo daktari huijaza. Jicho halioshwi kwa maziwa. Hufunikwa bila kukandamizwa.

Nakhungu aliripoti polisi siku hiyo hiyo. Mahakamani, wakili wa Wakoli alisoma daftari la zahanati mara mbili: punje. Kesi ilikaribia kuanguka. Iliokolewa na mfupa uliovunjika. Wakoli alifungwa. Jicho halikurudi.

Agosti iliyofuata, asubuhi moja, jirani yao Fridah alipigwa ngumi ya jicho na mumewe. Nekesa hakungoja wazee. Alilifunika jicho kwa kikombe safi cha plastiki, wakafika hospitali kabla ya saa sita mchana.

"Daktari akiuliza, jibu wewe," alimwambia mlangoni. "Mimi nitanyamaza."

Fridah anaona kwa macho yote mawili. Nakhungu bado hupura mahindi na mama mkwe wake. Nekesa hukaa upande wa kushoto, upande wa jicho zima, ili aonekane.