Kengele ya Wamaitha

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Nilesh alipoegesha pikapu mbele ya baa ya Ngigi, nje kidogo ya Keringet. Ilikuwa Mei 2008. Huko Nakuru watu walimjua kama muuza misumari na mabati, lakini raha yake ilikuwa kukusanya mashine za zamani za michezo, zile za kutumbukiza sarafu, za kabla ya kompyuta, zilizojaa nyaya, sumaku na kengele za chuma. Hii aliyoifuata ilikuwa ya gololi. Unavuta springi, gololi inaruka chini ya kioo, na kila ikigonga nguzo, kengele inalia.

Ngigi alimpa bure. Tangu vurugu za kikabila za Januari, baada ya uchaguzi, alikuwa akiishi kwenye hema katika kambi ya waliofukuzwa makwao, na mkewe Wamaitha hakujulikana aliko.

"Chukua tu, boss," alikuwa amemwambia. "Lakini ukifika huko niulizie watu. Hata kama ni habari mbaya, niletee."

Jikoni palikuwa majivu. Chumba cha mbele kilibaki na paa lake, madirisha yana vyuma, mlango umevunjwa na kuegemezwa tu. Nilesh akausogeza, akaingia.

Harufu ya moshi... Miezi ilikuwa imepita, lakini ulinuka kama moto uliozimwa asubuhi hiyo.

Mashine ilikuwa kwenye kona. Akafuta kioo kwa kiganja, na moyo ukamruka kwa furaha. Nzima! Akainama kutafuta waya wa umeme. Ulikuwa umekatika. Ukutani, mahali pa soketi, palikuwa na shimo tu.

Ting.

Akainuka polepole. Chini ya kioo, gololi ilikuwa inateremka.

Ting. Ting.

Moshi ukamkaba koo. Kisha akasikia mtu anapumua. Karibu kabisa, kando ya sikio lake. Pumzi fupi fupi, za mtu anayetafuta hewa. Springi ikajivuta yenyewe... ikajiachilia.

Ting-ting-ting-ting...

"Ngigi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, imekwaruzika. "Ngigi... umefungua?"

Nilesh hakujua alitokaje. Alijikuta barabarani, magoti kwenye matope, na mama mmoja aliyefunga kitambaa kichwani amemshika bega.

"Umeisikia," mama alisema. Hakuwa anauliza.

Jina lake Jeruto, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alimpeleka kwake, akampa chai. Mumewe, Kipkemei, alifunga mlango kwanza ndipo mama akaanza kuongea.

"Siku ile Ngigi alimfungia Wamaitha ndani. Akaweka kufuli kwa nje, watu wadhani nyumba haina mtu. Halafu akaenda kutafuta lori ya kuwatoa."

"Na hakurudi?"

"Angerudi na njia gani? Barabara yote ilikuwa mawe." Jeruto aliangalia kikombe chake. "Tukasikia hiyo kengele. Huko nje makelele yalikuwa mengi, sauti ya mtu haingesikika. Lakini kengele tuliisikia. Inalia, inalia... Tukadhani ni vijana wameingia kuiba bia, wanacheza."

Akaweka kikombe chini.

"Kumbe alikuwa anatuita, boss. Na sisi tumekaa hapa hapa, tunauliza ni nani huyo hana akili, anacheza siku kama hii."

Kipkemei ndiye aliyeuvunja ule mlango, moshi ulipoanza kupenya kwenye paa. Alimkuta Wamaitha ameikumbatia mashine. Walimzika nyuma ya boma lao, kimyakimya, wakaogopa kumwambia mtu. Nani angeamini si wao waliomuua?

"Iondoe hapa," Jeruto alimsihi. "Kila jioni... mimi siwezi tena."

Asubuhi Kipkemei alimsaidia kuipakia.

Kambini, Nilesh alimweleza Ngigi kuhusu kaburi, na jinsi Jeruto alivyolipandia maua. Ngigi alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mlango walifungua?"

"Waliuvunja."

Habari ya kengele Nilesh hakuitaja. Alifungua mdomo, akayaona macho ya yule mtu, akaufunga.

Jioni hiyo Ngigi aliomba apelekwe akaione mashine. Katika stoo ya Nilesh, huko Nakuru, aliweka viganja juu ya kioo, akaongea nayo Kikuyu kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama mume aliyechelewa anayembembeleza mkewe amfungulie. Nilesh alisimama kando, jasho linamtoka, anasubiri.

Kimya.

"Aliipenda sana hii takataka," Ngigi alisema. Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Wateja wakienda alikuwa anacheza peke yake, anacheka. Nilidhani nikiishika ningesikia... sijui. Kitu." Akajipangusa kwa mkono wa shati. "Asante, boss."

Akatoka. Hakuwa amevuka hata nusu ya uwanja moshi ulipoanza kunuka ndani ya stoo.

Ting.

Nilesh akakimbia mlangoni. "Ngigi!"

Nyuma yake kengele ilikatika ghafla, kama imezibwa na kiganja.

Ngigi aligeuka. Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto. "Ni nini? Umesikia kitu?"

Nilesh alitega sikio. Hakuna. Hata pumzi.

"Hapana," alisema. "Nenda salama."

Ngigi alisimama kidogo, akitazama ule mlango wa stoo, kisha akajiendea zake taratibu.

Geti lilipofungwa, ikaanza tena kulia.