Diski Iliyoanguka

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Chiriku alifagia chumba cha kazi cha baba yake. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba alikuwa mpiga picha wa harusi, na picha zake zote zilikaa katika kisanduku cheusi kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani. Ndani yake mlikuwa na diski mbili. Kila picha ilihifadhiwa katika zote mbili, ili moja ikifa, nyingine ibaki nazo.

Sasa diski zile zilikuwa zimejaa, tena zimezeeka. Jumamosi moja asubuhi Baba alichomoa moja na kuweka mpya, kubwa zaidi. Taa ya kisanduku ikaanza kupepesa.

"Ya zamani iliyobaki inainakilia hii mpya," Baba alieleza. "Taa ikitulia, nitabadilisha na hiyo. Hatuendi mbio. Hii niliyoitoa ni akiba yetu, kwa hiyo mtu asiiguse."

Akaifunga taulo, akaiweka juu ya kabati, akatoka kwenda kwa mteja.

Chiriku alitaka kuiona tu. Alipanda kiti, akavuta taulo, na diski ikateleza. Ilitua kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo kizito. Aliiokota. Haikuwa na ufa wala mkwaruzo, lakini alipoiinamisha, kitu kilicheza ndani yake. Akaifunga taulo vilevile ilivyokuwa, akairudisha.

Wakati wa chakula cha mchana kaka yake alimtazama. "Leo umekula gundi? Sijasikia neno tangu nikae."

"Niache."

"Basi kesho nitakupikia gundi tena."

Baba, aliyekuwa amerudi, hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Kutoka chumba cha kazi ulikuja mlio mkavu. Tak. Kimya. Tak, tak.

Wote watatu walikwenda kusimama mbele ya kisanduku. Taa ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Ile ya zamani inakufa," Baba alisema taratibu. "Na haijafika hata nusu ya kunakili. Harusi ya wiki iliyopita imo humu, na kadi za kamera nimeshazifuta. Baba wa bibi harusi alitolewa hospitali kwa saa mbili tu, aje amwoze binti yake. Juzi wamemzika."

"Sasa tutafanyaje, Baba?" kaka aliuliza.

"Nitazima, nirudishe ile ya kabatini, tuanze upya. Heri tuna hiyo."

Akapeleka kidole kwenye swichi. Tak, tak. Chiriku alisogea mbele.

"Baba, usizime."

Kidole kilisimama.

"Ile ya kabatini niliiangusha. Kuna kitu kinacheza ndani."

Kaka alifungua mdomo. Baba akamnyamazisha kwa mkono. "Ilianguka kutoka juu kabisa?"

"Ndiyo, Baba."

"Uliichomeka popote?"

"Hapana."

Baba aliondoa kidole polepole. "Hii ikizimwa, huenda isiamke tena. Lete kompyuta."

Alisimamisha unakili wote, akaanza kuvuta picha za harusi ile peke yake. Milio ilizidi kukaribiana. Kwenye picha ya mia tatu na kumi kila kitu kilikwama. Chiriku alitazama ile namba mpaka macho yakamwasha. Kisha ikasogea, moja, mbili, kumi. Dakika chache baada ya picha ya mwisho kuingia, diski ilitoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza moja kwa moja.

Jumatatu fundi wa diski aliifungua ile iliyoanguka. "Kisomeo, sindano inayosoma diski, kimepinda," alisema. "Mngeiwasha, kingekwangua kila kitu humu. Niachieni wiki mbili." Wiki mbili zilipopita, alirudisha karibu picha zote za miaka ya nyuma.

Lakini kabla ya hapo, siku ya nne baada ya Jumamosi ile, bibi harusi alikuja kuchukua picha zake. Alisimama mlangoni akiitazama moja tu, ambamo baba yake anacheka huku ameshika fimbo. Aliitazama muda mrefu, akaondoka bila kuaga.

Baba alifunga mlango. "Umeona?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Mikono huteleza, hata yangu. Lakini uliifunga taulo ili nisijue, nami nikapanga mambo yangu kwa kuitegemea diski mbovu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumamosi ilibaki upana wa kidole tu niguse swichi." Akamshika bega. "Ulisema, na ndiyo maana yule dada ameondoka na picha. Siku nyingine ukiharibu kitu, usingoje. Hata kama nina wageni, hata kama nimenuna, njoo ukiwa bado umekishika mkononi."