Aliita Mara Tatu

Saa kumi na moja na nusu jioni, Ijumaa, Mkuu wa Ghala alikuwa amebaki peke yake kazini akitafuta maneno ya kumsifu marehemu.

Risala ilikuwa imefika nusu. "Mwenzetu alikuwa mtu wa bidii, mnyenyekevu, na mpenzi wa kweli wa hifadhi ya filamu..." Alisimama hapo, akatafuna kalamu. Kesho idara nzima ingekusanyika ukumbini kumkumbuka Mzee Siki, na yeye ndiye msemaji.

Jina hilo la utani lilitokana na harufu. Filamu za zamani zikianza kuoza hunuka siki, na mtu aliyezishika kwa miaka thelathini na moja alinuka hivyo hivyo, hata kwenye harusi ya bintiye. Alizisafisha kwa pamba, akaunga zilizokatika, na juu ya kila kopo akaandika majina ya watu wote waliomo, matatu matatu. "Asiyeandikwa jina atadhaniwa ni kiti," alikuwa akisema. Tena alikuwa na mwiko mmoja. Hakukata picha. Vijana wakitaka kuondoa kipande kilichochakaa, aliwashika mkono.

"Usikate, bwana. Ukimtoa mtu humo, alichokuwa akifanya atakifanya nani?"

Makopo yalikaa katika chumba cha baridi, nyuma ya chumba cha kazi. Mlango wake ulifunguliwa kutoka nje tu, kwa kuwa kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika. Kwa hiyo palikuwa na kanuni: kabla ya kufunga, ita mara tatu, "Kuna mtu?", kisha sikiliza.

Ijumaa moja, miezi mitatu nyuma, Mkuu wa Ghala aliita mara tatu.

Kwa kunong'ona.

Jumanne yake Mzee Siki alikuwa aeleze mkutanoni ni nani aliyezima mitambo ya baridi na kuacha filamu mia nne zioze. Mkuu alimsikia akikohoa nyuma ya rafu. Akanong'ona mara tatu, akasikiliza kama kanuni ilivyotaka, akafunga. Zilifuata siku tatu za mapumziko. Baadaye aliapa mbele ya polisi kwamba aliita, na katika kiapo hicho hapakuwa na neno moja la uongo.

"Hodi, shemeji."

Mkuu alishtuka. Mjane wa Mzee Siki alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu, shemeji. Jioni hii?"

"Nimekuletea kitu cha kesho." Aliweka mezani kopo la filamu lililofungwa ndani ya shati la kijivu. "Ndilo shati alilokutwa nalo. Sijalifua."

"Pole sana, shemeji."

"Pole nimepewa nyingi, hata pa kuziweka sina." Alilivuta shati, akalikunja, akalibana kwapani. Harufu ya siki ilijaa chumba. "Siku ile uliita?"

"Niliita. Mara tatu."

"Kwa sauti?"

"Shemeji, maswali gani hayo?"

"Ya mjane. Hana kazi nyingine." Alicheka kidogo. "Itazame. Kesho tutaiona wote. Mwenyewe amesema uione kwanza wewe."

"Amesema lini?"

Mjane alikuwa ameshatoka.

Juu ya kopo palikuwa na mwandiko wa Mzee Siki, ule wa herufi zilizosimama wima. Jina lilikuwa moja tu. Lake yeye Mkuu wa Ghala, yote matatu, bila kosa hata la herufi moja.

Alifunga mkanda wa filamu kwenye meza ya kuzungushia, akawasha taa ya chini, akashika kioo cha kukuzia.

Picha ya kwanza... chumba hiki hiki. Mlango wa baridi uko wazi. Picha ya kumi, mtu amesimama kizingitini, mgongo umepinda, midomo karibu na ubavu wa mlango. Alizungusha taratibu. Midomo ilifunguka mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha mkono ukausukuma mlango, na uso wake mwenyewe Mkuu ukageuka kuelekea kwenye kamera.

Ulikuwa unatabasamu.

Nani aliipiga? Siku ile hapakuwa na mtu. Aliangalia nyuma. Hata sasa hapakuwa na mtu. Kesho mkurugenzi, polisi yule, mjane, watu mia mbili, wote wangeuona uso huo ukutani, mkubwa kama nyumba.

Alichukua mkasi.

Alikata alipoanza kuonekana, akakata alipoishia. Kipande hakikuzidi urefu wa mkono. Aliunga ncha mbili kwa tepu, akazungusha tena kuhakikisha.

Mlango wa baridi uko wazi. Hakuna mtu kizingitini.

Hakuna wa kuufunga.

Akaendelea kuzungusha. Gizani mwa rafu palitokea kitu cheupe. Glavu. Halafu mkono wa shati la kijivu. Halafu Mzee Siki, akitoka polepole, akipangusa barafu kwenye kope. Alikatiza chumba, akapita kando ya kamera, akatoka kwenda kwenye korido.

Mkanda ukaisha.

Huko nje, kwenye korido, mtu akakohoa.

Mkuu wa Ghala alizima taa. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha kuvuta. Nyayo zilianza kurudi... hatua moja, ikakaa... ya pili, ikakaa. Alitafuta pa kukimbilia. Chumba kilikuwa na milango miwili tu. Mmoja ulikuwa wa nyayo hizo.

Wa pili ni wa chumba cha baridi. Aliufunga mwenyewe saa kumi na moja.

Sasa ulikuwa wazi.

Aliingia akachutama nyuma ya rafu ya mwisho, kiganja mdomoni. Nyayo zilifika kizingitini. Harufu ya siki ikamwingia mpaka kwenye macho.

"Kuna mtu?"

Ilikuwa sauti ya kunong'ona, ndogo mno.

Kuitika lilikuwa neno moja tu. Lakini angemwitikia nani?

"Kuna mtu?"

Alikumbuka kitasa cha ndani. Fomu ya matengenezo ilikuwa bado kwenye droo yake, haijatiwa saini.

"Kuna mtu?"

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, ila moshi mweupe wa pumzi.

Mlango ukafungwa, taratibu, kwa heshima.

Jumamosi watu walimsubiri ukumbini hadi wakachoka. "Ndizo zake, anaogopa kulia mbele za watu," mkurugenzi alisema, akaisoma mwenyewe risala iliyokutwa mezani karibu na kopo. Kisha taa zikazimwa, mkanda ukaonyeshwa. Watu walimwona Mzee Siki akitoka chumba cha baridi, wakapiga makofi huku wakilia. Mwishoni palikuwa na mlango umefungwa, na mkono wenye glavu nyeupe umeulalia.

"Hata kwenye picha anafunga kwa utaratibu," mkurugenzi alinong'ona.

"Aliita kwanza," mjane alijibu. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa akikohoa tangu jana yake jioni, alisema, ni baridi tu.

"Na ghala?" mkurugenzi alimuuliza katibu muhtasi. "Limefungwa?"

"Limefungwa, mzee. Nimepita asubuhi."

"Basi tuonane Jumanne. Jumatatu ni mapumziko."

Jioni ile mjane alitia maji kwenye beseni, akalitumbukiza shati la kijivu. Maji ya kwanza tu, harufu yote ikatoka. Alilianika, akakaa chini yake, akaanza kuhesabu: leo, kesho, keshokutwa.