Amplifaya Inayokwaruza

Kila alasiri, baada ya skuli na chuo cha Kurani, Saadiya alipita kwenye klabu ya taarabu iliyoko Malindi, juu ya duka la kamba na nanga. Kazi yake ilikuwa kufagia ukumbi, kupanga viti na kusikiliza mazungumzo ya watu wazima. Hiyo ya tatu hakupewa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi.

Alhamisi hiyo hapakuwa na nyimbo. Ami yake, Munir, fundi wa redio wa Mlandege, alikuwa amechuchumaa mbele ya amplifaya ya gitaa. Ilikuwa ya zamani, ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu kama makaa. Sauti yake ilikuwa tamu, ndiyo maana klabu haikutaka kuiacha. Ila leo, tangu iwashwe, ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayekaanga samaki ndani yake.

"Kesho tuna harusi," alisema Bi Mwanakheri, mwimbaji na mkubwa wa klabu. "Bibi harusi mwenyewe ametaka gitaa. Tukenda na sauti hii, watu watadhani tumewaletea wapishi."

Hakuna aliyecheka. Amour, kijana mpiga gitaa, alisimama dirishani. Jumapili, walipokuwa wakirudi kutoka harusi nyengine, yeye ndiye aliyeibeba amplifaya ngazini, ikamponyoka na kugonga ukuta. Kila mtu aliona.

"Mimi nshasema," Bi Mwanakheri aliendelea. "Ikiwa imeharibika kwa kuangushwa, Amour atafute klabu nyengine."

"Bi Mwanakheri, kwanza tujue mkwaruzo unatoka wapi," alisema Munir. "Kulaumu hakutaki ufundi. Hata paka anaweza kulaumiwa."

Akachomoa waya wa gitaa. Mkwaruzo ukaendelea. "Basi gitaa na waya wake havina kosa." Akapunguza sauti mpaka mwisho. Mkwaruzo ukabaki vilevile. "Na huku mbele hakuna kosa. Ugonjwa uko nyuma, kwenye valvu kubwa."

"Ami, naweza kushika?" Saadiya aliuliza.

"Shika ufagio wako. Humu mna umeme wa kumwangusha ng'ombe, na wewe hata mbuzi hujamfikia."

Munir alichukua penseli ya mbao, akazigonga valvu taratibu, moja baada ya nyengine. Mbili hazikusema kitu. Ya tatu, iliyokuwa chini ya matundu ya hewa, ikapiga kelele.

"Ni hii," alisema. "Huenda imelegea ndani kwa ule mgongano. Ya akiba hatuna, na kuagiza si jambo la kesho."

Bi Mwanakheri alimtazama Amour. Amour akaanza kulitia gitaa kwenye mfuko wake, polepole, kama mtu anayefunga mzigo wa safari asiyoitaka.

Saadiya aliacha kufagia. Jumapili ile, harusini, yeye ndiye aliyepewa mrashi awanyunyizie wageni marashi ya mawaridi. Alipomaliza mgeni wa mwisho, marashi yalibaki. Akaiona amplifaya imesimama jukwaani, haijanyunyiziwa na mtu. Akaikirimu, tena vizuri, juu ya matundu yake. Ikatoa chiii. Akakimbia, akajiambia kwamba matone machache hayadhuru.

Akisema, huenda asikanyage tena klabuni. Asiposema, Amour anaondoka.

"Ami," aliita.

"Naam."

"Hiyo valvu... mie niliitia marashi."

Amplifaya peke yake ndiyo iliyoendelea kukaanga.

"Marashi?" Munir aliuliza.

"Ya mawaridi. Harusini kila mtu hunyunyiziwa."

Bi Mwanakheri mwenyewe ndiye aliyemwambia Saadiya asimruke hata mtu mmoja.

Munir alizima amplifaya, akachomoa plagi, akangoja kitambo umeme uliobaki ndani uishe. Ndipo akaing'oa ile valvu na kumulika tochi kwenye kitako chake. Vyuma vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Valvu ni nzima," alisema. "Kutu hii haikuletwa na ukuta. Mimi nilikuwa nshaihukumu valvu ya watu."

Akasugua kwa brashi ndogo na spiriti, akakausha, akairudisha valvu na kuwasha. Kimya. Amour akachomeka gitaa, akapiga noti moja. Ikatoka safi.

"Amour," alisema Bi Mwanakheri, "nimekuhukumu kabla fundi hajamaliza. Nisamehe, mwanangu."

"Nshasamehe, Bi. Ila ngazi zile sibebi tena peke yangu."

Safari hii wakacheka. Saadiya hakucheka. Munir akamwita.

"Kwanza, maji na umeme havikai pamoja. Ungeweza kupigwa na umeme, tusingekuwa hapa tunacheka. Pili, ungesema Jumapili ileile, ningefuta kwa kitambaa tu, yakaisha."

"Nliogopa, ami."

"Najua. Na leo uliogopa zaidi, lakini umesema, ndiyo maana Amour atapiga kesho. Ukikosea, sema mapema, mwanangu. Kosa ukilificha haliondoki. Linabaki palepale, linangoja mtu wa kubebeshwa."